Kalamu za mpingo: Namna ya kuzipiga picha bila kumdanganya mnunuzi

KALAMU ya mpingo iliyokerezwa kwa mkono ni miongoni mwa vitu vigumu kupigwa picha, ingawa ni ndogo kiasi cha kuingia katika mfuko wa shati.

Ni nyeusi, inang'aa, ni nyembamba na ndefu. Mara nyingi ina pete na kibanio cha chuma vinavyoakisi kila kilicho mbele yake, ikiwamo sura ya mpiga picha mwenyewe.

Matokeo yake ni kwamba kazi iliyomchukua fundi saa nyingi za kukereza, kupiga msasa na kusugua kwa nta huonekana kwenye simu ya mnunuzi kama kipande cha plastiki chenye rangi ya majivu.

Kwa fundi anayeuza akiwa mbali na soko, hasara hiyo si ndogo. Mnunuzi aliyepo Dar es Salaam, Nairobi, Muscat au London hawezi kuishika kalamu, kuipima uzito kwa kiganja wala kuijaribu kwenye karatasi. Kinachomfikia kwanza ni picha, na kwa hiyo picha ndiyo ahadi ya fundi.

Ahadi hiyo huvunjika kwa njia mbili. Picha mbaya humfukuza mnunuzi kabla hajauliza bei, na picha iliyopambwa kupita kiasi humleta mara moja tu, kisha hairudi tena fedha yake wala ya rafiki zake.

Makala haya yanaeleza namna ya kupata picha iliyo nzuri na ya kweli kwa vifaa vinavyopatikana katika nyumba ya kawaida ya Kibiti au delta ya Rufiji, mkoani Pwani.

Mti wa nchi kavu, tete la mtoni

Wilaya ya Kibiti ilizaliwa kwa kugawanywa kwa Wilaya ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Mji wake upo kandokando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, kaskazini mwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 kuvuka Mto Rufiji.

Upande wa mashariki mto huo hugawanyika katika mikono mingi na kuunda delta yenye mikoko inayokadiriwa kufunika hekta 53,000, ambayo ni msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote katika pwani ya Afrika Mashariki.

Ardhi ya ukanda huu hutoa malighafi mbili za kalamu. Ya kwanza ni mpingo, unaoota katika misitu ya miombo ya nchi kavu kuanzia Rufiji hadi Kilwa na kuendelea kusini. Ya pili ni tete, linaloota kwenye kingo za mito na mabonde yenye maji.

Tete ndilo kongwe zaidi katika kazi ya kuandika. Neno kalamu lenyewe limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, nacho kilihusiana na neno la Kigiriki lenye maana ya tete au unyasi. Waandishi wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walitumia kalamu ya aina hiyo, iliyochongwa ncha kwa kisu na kupasuliwa katikati ili wino uteremke.

Mpingo ni mgeni katika kazi hiyo, lakini umepata sifa haraka. Ni mti uleule unaotengenezwa zumari za kisasa za Ulaya kama klarineti na oboi, na vinyago vya Wamakonde. Kiini chake ni cheusi au cha zambarau iliyokolea, na uzito wake hupita kilo 1,200 kwa mita moja ya ujazo, ndiyo maana huzama majini.

Mti huo hukua polepole mno. Huchukua takriban miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na sehemu ndogo tu ya gogo ndiyo hufaa kwa ala za muziki. Kalamu huhitaji kipande chenye unene wa sentimeta mbili hivi na urefu usiozidi kiganja, kwa hiyo masalia ambayo yangeishia kuwa kuni huweza kupata thamani.

Thamani hiyo, hata hivyo, hutegemea mnunuzi kuiona.

Kwa nini cheusi hugeuka kijivu

Kosa la kwanza katika picha za mpingo halitokani na mpigaji, bali na kamera.

Kamera haijui kilicho mbele yake. Hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu na kudhani kwamba eneo zima lina wastani wa rangi ya kijivu. Ikikutana na kitu cheusi kilichojaza fremu, hudhani kuna giza, kisha huongeza mwanga. Cheusi hugeuka kijivu na mistari ya mti hufifia.

Kalamu ya tete ikilazwa juu ya kitambaa cheupe hupata kinyume chake. Kamera hudhani mwanga umezidi, hupunguza, na kitambaa cheupe hutoka kama kilichochovywa kwenye maji ya jivu.

Tiba yake ni kuirekebisha kamera kwa mkono. Kwa mpingo uliojaza fremu, mwanga upunguzwe kwa hatua moja, au kidogo zaidi ya hapo. Kwa tete juu ya nyeupe, mwanga uongezwe kwa hatua moja. Katika kamera nyingi kitufe hicho huwa na alama za kujumlisha na kutoa.

Katika simu nyingi, mpigaji hugusa kalamu kwenye kioo, alama ya jua hutokea, naye huishusha au kuipandisha kwa kidole.

Ugumu huongezeka pale fundi anapoacha ukanda wa mti mweupe wa nje ukutane na kiini cheusi katika kalamu moja, jambo linalopendwa na wakerezaji wengi. Hapo inafaa kuulinda weupe kwanza, kwa sababu sehemu iliyoungua kwa mwanga haina cha kurudishwa, ilhali sehemu yenye giza kiasi huweza kuinuliwa baadaye kwenye programu ya kuhariri.

Kivuli cha barazani hushinda jua

Wengi hudhani kwamba kadiri jua linavyowaka ndivyo picha inavyokuwa nzuri. Kwa kitu kinachong'aa, dhana hiyo ni potofu.

Jua la wazi huacha doa dogo jeupe lenye makali juu ya kalamu, na kila kilicho nje ya doa hilo huzama gizani. Kibiti ipo kusini kidogo mwa Ikweta, hivyo katikati ya Oktoba na mwanzoni mwa Machi jua la saa 6 mchana hupita karibu utosini. Kivuli hujificha chini ya kalamu na umbo lake hupotea.

Kadhalika, mpingo hukauka polepole na huweza kupasuka ukiachwa juani. Kwa kuanika kalamu ili kuipiga picha, fundi anaweza kupata picha na kuipoteza kalamu.

Mahali bora ni kivuli kilicho wazi: barazani, mlangoni, au ndani ya chumba karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja. Dirisha likiwa linapigwa na jua, litundikwe shuka jeupe au kitambaa cha bafta, na papo hapo litageuka taa kubwa laini.

Kalamu ni mviringo mrefu, hivyo mwanga huonekana juu yake kama mstari. Mstari mmoja mwembamba, mnyoofu na usiokatika, kutoka kichwani hadi nchani, ndio unaomwambia mtazamaji kwamba kitu hiki ni cha duara na kimesuguliwa vizuri. Kalamu ilazwe sambamba na dirisha, kisha izungushwe taratibu hadi mstari huo upatikane.

Upande wa pili, ulio gizani, isimamishwe karatasi nyeupe ya manila ili irudishe mwanga kidogo. Ikisogezwa karibu, ukingo wa kalamu huonekana. Ikiondolewa, ukingo huyeyuka katika giza.

Kivuli nacho huchaguliwa. Mwanga uliochujwa na majani ya mwembe au mkorosho huleta ukijani kwenye picha. Turubai la bluu hupaka kila kitu rangi yake, na chini ya anga tupu kivuli huwa na ubuluu. Ndiyo maana kamera huwa na chaguo la kusahihisha rangi kwa mazingira ya kivuli, jua au mawingu. Njia rahisi ni kuweka karatasi nyeupe ndani ya picha ya kwanza; karatasi hiyo ikionekana nyeupe, rangi ya mti nayo ni ya kuaminika.

Flashi ya kamera au simu izimwe. Huongeza doa jeupe katikati ya kalamu na huua mstari wa mwanga uliotafutwa kwa subira.

Shati la mpigaji na alama za vidole

Mpingo uliosuguliwa ni kioo cheusi, na pete za chuma ni kioo cheupe. Mpigaji aliyevaa fulana nyekundu ataikuta fulana hiyo imejipinda kwenye kibanio cha kalamu.

Kwa sababu hiyo, inashauriwa kuvaa nguo isiyo na rangi kali na kusimama mahali ambapo mwili hauonekani kwenye chuma. Kabla ya kupiga, mpigaji aitazame kalamu pale ilipo kamera, atafute taswira zisizohitajika, na kuziba kila moja kwa karatasi nyeupe au nyeusi.

Kalamu ipanguswe kwa kitambaa laini cha pamba, kisha ishikwe kwa kitambaa hichohicho. Alama ya kidole ambayo jicho halikuiona huonekana wazi picha inapokuzwa, na chembe ya vumbi huonekana kama kasoro ya mti.

Mkeka, lakini usio na nakshi nyingi

Rufiji inasifika kwa mikeka ya ukindu inayosukwa na wanawake, na ni jambo la kawaida kutamani kuiweka chini ya kalamu. Wazo hilo ni zuri kwa kuwa linaeleza kitu kilipotoka.

Tatizo hutokea mkeka unapokuwa na nakshi za rangi nyingi. Jicho hufuata rangi na kuiacha kalamu. Mkeka wa rangi asilia ya ukindu, usiotiwa rangi, hufaa zaidi, kwani unjano wake hafifu huutoa weusi wa mpingo mbele.

Ubao wa mtumbwi uliochakaa nao hufaa, mradi mistari yake isishindane na ya kalamu. Kanuni ni kuchagua kitu kimoja tu. Mkeka, kikombe cha kahawa, ganda la kombe na ua la mpacha katika picha moja humfanya mnunuzi aulize kinachouzwa ni kipi.

Kalamu za mauzo zipigwe pia juu ya karatasi nyeupe iliyopindwa nyuma bila kukunjwa, ili isiwepo pembe inayoonekana. Mandhari nyeusi kwa kalamu nyeusi ni kazi ya waliokwisha kuzoea, kwa sababu huhitaji mwanga wa ukingoni pande zote mbili.

Umbali, utulivu na ukali wa picha

Kosa jingine ni kuisogeza simu karibu mno. Lenzi pana ya simu ikiwa sentimeta chache kutoka kwenye kalamu huufanya mwisho ulio karibu uonekane mnene na ule wa mbali mwembamba kama mkia. Inafaa kurudi nyuma na kutumia lenzi ya kuvuta mara mbili, iwapo simu inayo, au kupiga kutoka mbali kidogo na kupunguza kingo baadaye.

Kwa kamera yenye lenzi ya kubadilishwa, tundu la lenzi la f/8 hadi f/11 hutosha kuifanya sehemu kubwa ya kalamu ionekane kwa ukali. Tundu pana zaidi huacha ncha ikiwa kali na kichwa kikiwa ukungu. Wepesi wa kamera kupokea mwanga, yaani ISO, ubaki 100 au 200 ili weusi usijae chembechembe.

Mipangilio hiyo huifanya kamera ichukue muda mrefu kupiga, na mkono hautulii kiasi hicho. Stendi ya miguu mitatu ni jibu. Pasipokuwapo stendi, simu iegemezwe kwenye kopo la mchanga au matofali mawili, na kitumike kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisitikise.

Ncha ya kalamu ndiyo sehemu ya kulengwa kwanza. Jicho la mnunuzi huanzia hapo, kama lianzavyo kwenye macho ya mtu katika picha ya pasipoti.

Unyevu na chumvi vya delta

Anayepiga picha Nyamisati, Mbwera au visiwani ndani ya delta ana adui mwingine, nao ni unyevu. Kamera ikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi na kuingia katika joto la pwani, lenzi hufunikwa na ukungu. Iachwe ndani ya mfuko wake uliofungwa kwa takriban nusu saa ili ipate joto taratibu.

Chombo cha plastiki chenye mfuniko imara huilinda kamera na kalamu pia wakati wa safari ya boti. Vipakiti vya kunyonya unyevu, vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na dawa, visitupwe, viwekwe humo. Kamera iliyokaa muda mrefu mahali penye unyevu huota kuvu ndani ya lenzi, na uharibifu huo hautoki kwa kupangusa.

Lenzi ikirukiwa na maji ya chumvi, ipanguswe kwanza kwa kitambaa kilicholowa maji safi kidogo. Kitambaa kikavu husugua chembe za chumvi kwenye kioo.

Picha tano za kila kalamu

Mnunuzi wa mbali huwa na maswali yaleyale, na picha tano huyajibu.

Ya kwanza ni kalamu nzima ikiwa imefungwa, imelazwa mshazari. Ya pili ni kalamu imefunguliwa, ncha ikionekana. Ya tatu ni ya karibu, inayoonyesha mistari ya mti na maungio ya chuma. Ya nne ni kalamu mkononi au kando ya rula yenye sentimeta, ili ukubwa ujulikane. Ya tano ni kalamu ikiandika, wino ukionekana kwenye karatasi.

Sarafu ya Tanzania haifai kama kipimo kwa mgeni asiyewahi kuiona, ilhali rula hueleweka kila mahali.

Kila kalamu ipigwe picha yake na ipewe namba yake. Hakuna vipande viwili vya mpingo vinavyofanana. Fundi anayetumia picha ya kalamu moja kuuza kumi anauza tisa ambazo mnunuzi hakuziona.

Picha zinapotumwa kwa WhatsApp, njia ya kawaida huzipunguza ubora, na weusi wa mpingo ndio huathirika mapema kwa kujaa mabaka. Zikitumwa kama hati badala ya picha, hufika zilivyo.

Mpaka kati ya kusafisha na kudanganya

Kupunguza kingo, kunyoosha picha iliyopinda, kufuta vumbi kwenye mandhari na kurudisha weusi uliofifia ni kazi halali. Picha inakaribishwa kwenye kitu halisi.

Kufuta ufa, kuficha tundu la mdudu au kuukoleza mti wa hudhurungi hadi uwe mweusi ni jambo jingine. Kasoro ndogo ipigwe picha yake na itajwe. Wapo wanunuzi wanaoipenda kalamu yenye alama ya mti, lakini hayupo anayependa kuigundua mwenyewe baada ya kulipa.

Suala hilo lina uzito wa pekee kwa mpingo, kwa sababu ni mbinu ya zamani katika masoko ya vinyago kuchukua mti mweupe wa bei nafuu, kuupaka rangi nyeusi au dawa ya viatu, na kuuuza kwa jina la mpingo. Fundi mkweli hulipishwa shaka ya makosa ya wengine.

Picha inaweza kumsaidia. Ukanda wa mti mweupe unaokutana na kiini ni vigumu kuigiza. Kipande kilichobaki kutoka kwenye kalamu ileile, kikipigwa picha kikiwa chini kabisa ya glasi ya maji, huonyesha uzito wake. Jaribio hilo pekee si hukumu, kwani ipo miti mingine mizito inayozama, lakini mti mwepesi uliopakwa rangi hauwezi kulipita.

Maelezo chini ya picha nayo ni sehemu ya picha. Yataje aina ya mti, ulikotoka, urefu wa kalamu, uzito na aina ya wino. Wanunuzi wa nje huuliza asili ya mti, na si bila sababu: vijiji vya Kikole na Kisangi katika wilaya jirani ya Kilwa vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC kwa misitu inayovunwa kwa uangalifu.

Aidha, mpingo uliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES kuanzia Januari 2, 2017, sambamba na jamii nzima ya Dalbergia. Marekebisho yaliyopitishwa Geneva mwaka 2019 yaliziondoa katika masharti hayo bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mti huo kwa shehena moja. Uvunaji wenyewe ndani ya nchi unasimamiwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, hivyo fundi anapaswa kutunza stakabadhi za mti alioununua.

Mtihani wa mwisho wa picha hauhitaji mashine. Kalamu iwekwe dirishani kando ya simu yenye picha yake, na mtu ambaye hakuipiga aulizwe kama hivyo viwili ni kitu kimoja.

Akisita, picha irudiwe.